Kombe la Melbourne na Fedha Isiyo na Mlango

Katika mji wa Melbourne, nchi ya Australia, kuna uwanja wa mbio za farasi uitwao Flemington. Kila mwaka, Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Novemba, saa tisa za mchana, hupigwa hapo mbio ambazo khabari zake huenea dunia nzima kwa jina la Melbourne Cup. Mbio hizo zilianza mwaka 1861, na farasi wa kwanza kulitwaa kombe lake aliitwa Archer. Farasi wasiozidi 24 hukimbia masafa ya mita 3,200, na jambo zima huanza na kwisha kwa muda wa dakika tatu na kitu. Walakini katika dakika hizo nchi ile husimama. Mjini Melbourne penyewe ni siku ya mapumziko kwa amri ya serikali, na katika miji mingine, ambako kazi haikufungwa, watu huweka chini kalamu na nyundo wakakusanyika mbele ya televisheni.

Lililo kubwa kwetu si mbio, bali ni fedha zinazofuatana nazo. Siku hiyo huweka dau hatta mtu ambaye mwaka mzima hagusi kamari, wala hajui kutafautisha farasi na nyumbu. Bibi kizee huweka, karani huweka, mwalimu huweka. Na hapana aonaye haya, kwa kuwa kila mtu afanya. Wao wenyewe hawaoni kuwa ni kamari khasa. Kwao ni ada ya nchi, kama sisi tupelekeanavyo sahani siku ya Idi.

Suala juu ya jambo hili limeletwa katika darasa letu na kijana wa pwani hii aliye na kazi katika mji wa Sydney. Ofisini kwao wako watu 24. Kila mwaka kila mmoja hutia dola 5 katika bahasha. Kisha majina ya farasi 24 huandikwa katika vikaratasi, vikatiwa katika kofia, na kila mmoja hutoa kimoja bila ya kuangalia. Ambaye farasi wake atashinda huzichukua fedha zote. Mwaka jana kijana huyu aliona haya kukataa mbele ya wenziwe, naye akatia mkono katika kofia, na farasi aliyemtoa akashinda. Dola 120 ziko katika mtoto wa meza yake hatta leo, hajazigusa. Auliza mambo matatu: je, hii ni maisiri iliyokatazwa, au ni mchezo tu? Afanye nini Novemba ijayo? Na fedha zile ni zake?

Twaona suala hili ni zito kuliko lionekanavyo. Mtu akitaka kuilaumu kamari iliyouza nyumba na kuwaacha watoto na njaa, kazi yake ni nyepesi, na kila mwenye akili atamkubali. Hapa hapana nyumba iliyouzwa. Hapana aliyedanganywa, hapana tajiri akataye fungu lake, kiasi chenyewe hakifiki bei ya chakula cha mchana, na wote wameridhia. Ikiwa jambo la namna hii ni haramu, basi yapasa tujue uharamu wake umekaa wapi khasa. Kwani ukikaa katika madhara tu, hapa madhara hayaonekani.

Kwanza tumtoe farasi katika makosa, kwa kuwa yeye hana. Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi Madina: waliofanyiwa mazoezi walikimbizwa toka Hafya hatta Thaniyyatul Wadaa, na wasiofanyiwa walikimbizwa toka Thaniyya hatta msikiti wa Bani Zuraiq, na Ibn Umar alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Sharia imeruhusu zawadi ya mashindano katika vitu vitatu: ngamia, farasi na mishale. Na mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafii wameeleza sharti zake wazi. Zawadi ikitolewa na mtu wa nje, au na mmoja tu katika washindani, yafaa. Wakitoa wote, kila mmoja kwa tamaa ya kuichukua ya mwenziwe, haifai mpaka aingie baina yao mshindani ambaye hakutoa kitu na ambaye farasi wake ni wa kiasi cha farasi wao. Angalia, ewe msomaji, namna walivyoliziba tundu moja tu: lile ambalo kila mshindani amesimama ama kupata cha mwenziwe ama kupoteza chake. Na hayo ni kwa wenye farasi. Mtazamaji aliyekaa ukingoni, hana farasi wala hakumfunza, hakupewa ruhusa yoyote ya kuweka dau.

Wala farasi hawa si wageni kwetu. Jamii yao yote, wale waitwao kwa Kiingereza thoroughbred, nasaba yao ya madume hurejea kwa farasi watatu walioletwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Halabi katika nchi ya Sham akafikishwa Uingereza mwaka 1704. Mwingine aliitwa Godolphin Arabian, na kwa jina lake limeitwa zizi la Godolphin la mtawala wa Dubai, ambalo farasi wake Cross Counter alilitwaa Kombe la Melbourne mwaka 2018. Watu wa barazani hupenda kuitoa khabari hiyo kuwa ni hoja: ikiwa mashekhe wenyewe wamo, sisi twakatazwa nini? Twajibu kwamba kumleta farasi na kupokea zawadi ni jambo moja, na kuweka dau ni jambo jingine. Na huko kwao Dubai, katika mbio zao kubwa zilizoanzishwa mwaka 1996, uwanjani hapawekwi dau. Hatusemi kwa hayo kwamba zawadi ya Flemington ni safi. Kwa kadiri kubwa mashindano ya nchi ile huendeshwa kwa fungu litokalo katika madau ya watu, na hilo ni suala la wenye farasi, ambalo wataulizwa wao. Kijana wetu hana farasi.

Sasa tuwatazame wanaoweka dau wenyewe. Wako wasemao kwamba dau la farasi si bahati bali ni ilimu: mtu husoma nasaba, hupima mwendo, huangalia nyasi na mvua, kisha huchagua. Neno hili lina ukweli kidogo, na kwa hiyo lawadanganya wengi. Lakini Kombe la Melbourne ni mbio za kupimiwa uzani. Kuna mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo khasa: farasi aliyejulikana kuwa bora huongezewa mzigo, hatta ikibidi kwa vipande vya risasi katika matandiko yake, na dhaifu hupunguziwa, ili wote wakaribiane katika kushinda. Phar Lap, aliyezaliwa New Zealand na kupendwa Australia kuliko farasi mwingine yeyote, alishinda mwaka 1930 akichukua kilo 62 na nusu. Mwaka wa pili akatwishwa kilo 68, akawa wa nane. Mwaka 2015 akashinda Prince of Penzance, aliyepandwa na Michelle Payne, mwanamke wa kwanza kulitwaa kombe hilo. Na bei yake ilikuwa mia kwa moja, yaani katika wajuzi wote karibu hapana aliyemdhania. Basi fikiri: mtu ajisifu kwa ilimu yake katika mchezo ambao mwingine ameajiriwa na kulipwa mshahara ili ilimu hiyo isifae kitu.

Na huyo apokeaye madau, je, naye abahatisha? Tuchukue farasi wawili tu walio sawa. Kwa insafu, aliyetia shilingi 10 na farasi wake akashinda yapasa arejeshewe 10 zake na apate 10 juu yake. Mpokea dau humpa 9. Wakija watu wawili, kila mmoja kwa farasi wake, atapokea 20 na atatoa 19, na shilingi moja ni yake, ashinde farasi yupi. Njia nyingine ni kuzichanganya fedha zote pamoja, likakatwa fungu la mwenye mchezo, na zilizobaki wakagawana walioshinda. Mashini ya kwanza ya kuihesabu hesabu hiyo yenyewe iliwekwa Auckland mwaka 1913. Aliyeibuni, George Julius, alikuwa mtoto wa askofu, na hapo awali aliifikiria kwa ajili ya kuhesabu kura za uchaguzi. Kwa njia zote mbili, mwenye duka hapati khasara ya desturi. Kijana wa Majengo au Kisauni, ambaye leo hahitaji kufika uwanjani kwa kuwa duka zima limo ndani ya simu yake, hesabu yake ni hii hii, iwe ni farasi wa nchi za mbali au mipira ya Uingereza.

Walakini kofia ya Sydney haina mwenye duka. Dola 120 ziliingia na dola 120 zilitoka. Hapa ndipo penye suala.

Mali hutoka katika mkono wa mtu ikaingia katika mkono wa mwingine kwa milango inayojulikana. Kuna bei: nimekupa samaki, umenipa shilingi, na kila mmoja wetu ameondoka na kitu. Kuna ujira. Kuna zawadi na sadaka, ambazo mtoaji amekusudia kutoa na moyo wake watulia. Kuna mirathi, ambayo mgawaji wake ni Mwenyezi Mungu. Basi mwendee mmoja katika wale 23 umuulize: zile dola 5 zako zilizo kwangu, ulinipa? Atasema la, hakukusudia kunipa mimi, alikusudia achukue zangu. Uliniuzia kitu, au nilikufanyia kazi? Atasema la. Basi zimeingia kwangu kwa mlango gani? Hapana mlango. Kila mmoja alitia mkono katika mfuko wa wenziwe wote, na farasi akaamua mkono wa nani utoke umejaa. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu amekataza watu kuliana mali zao kwa batili, akatoa katika katazo hilo biashara iliyo kwa kuridhiana. Ona kwamba hakutaja kuridhiana peke yake.

Mtu atasema: lakini wameridhia! Twamwambia, wameridhia kanuni, kwa kuwa kila mmoja alitumai kanuni itamfaa yeye. Hiyo ni ridhaa ya kupata. Ridhaa ya kutoa haikupatikana kwa hatta mmoja, na lau ingelipatikana pasingekuwa na haja ya kofia; wangelimpa tu.

Atasema tena: mbona mfanya biashara naye huhatarisha? Babu zetu walipakia jahazi mikoko na pembe, wakangoja upepo wa kusi, na wengine mali yao ikazama Bahari ya Arabuni. Ndiyo, na hapana aliyesema kuwa walicheza kamari. Khatari ya bahari ilikuwapo kabla yao. Wao waliivuka kwa sababu huko ng'ambo kulikuwa na mtu aliyehitaji boriti za kuezekea nyumba yake, na jahazi ikifika, mwenye boriti na mwenye nyumba wote wamefaidika. Khatari ya kofia haikuwako. Imeundwa, kama vile uzani unavyoundwa juu ya mgongo wa farasi, si kwa kazi nyingine illa kuzihamisha fedha. Farasi wakifika, hapana nyumba iliyoezekwa.

Tumepata kusikia kwamba ofisi nyingine hulitoa fungu la fedha hizo kwa hospitali au mayatima, na kwa hivyo huona zimetakasika. Hoja hii ni kongwe kuliko Australia. Maisiri ya Waarabu wa Jahilia ilikuwa hivi: huchinjwa ngamia akagawanywa mafungu, kisha hutolewa mishale katika mfuko, kama vikaratasi katika kofia, saba katika mishale hiyo ina mafungu na mitatu ni mitupu. Waliotoka mitupu hulipa bei ya ngamia. Na walioshinda hawakuila nyama ile; wakiwagawia mafakiri, wakijifakhirisha kwa ukarimu huo, na asiyeshiriki wakimwita bakhili. Hiyo ndiyo maisiri iliyokuwako Kurani iliposhuka. Haikuwa nyumba ya siri yenye moshi. Ilikuwa ni mchezo wa watu wakubwa, wenye kuwashibisha maskini siku za njaa. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Baqara, aya ya 219, hakukana kuwa ina manufaa kwa watu. Alisema dhambi yake ni kubwa zaidi. Kisha katika Sura ya Maida, aya ya 90, ikakatazwa mkato mmoja, pamoja na ulevi na masanamu na mishale hiyo ya kupigia kura. Kwa hiyo jawabu la kwanza ni hili: kofia ya Sydney ni maisiri, na yafanana na ile ya asili kuliko hatta madau ya uwanjani.

Aya ya 91 inayofuata yataja uadui na chuki. Hapa tuseme kweli, kwani wawaidhi wengine hupenda kuchora shetani mkubwa kuliko aliyepo. Ofisini kwa kijana huyu hapana aliyemchukia mwenziwe kwa dola 5. Walicheka, wakarudi kazini. Mafakihi wametufunza kwamba hukumu hufuata sababu yake iliyo dhahiri wala haingoji hekima yake ionekane kila mara. Glasi moja ya ulevi isiyolevya ni haramu vile vile. Lakini mwenye kutaka kuuona mti uliokua kutokana na mbegu hii, autazame Kombe lenyewe. Siku tatu kabla ya mbio za 1930, Phar Lap alipigiwa risasi asubuhi akitoka mazoezini. Hazikumpata, na waliopiga hawakukamatwa. Wengi wakaona kwamba ni kwa sababu ya fedha nyingi zilizokuwa zimewekwa juu yake, ambazo baadhi ya wapokea madau wangelifilisika kuzilipa. Mnyama asiyejua shilingi wala nusu yake! Na mwaka 2014 Admire Rakti, aliyetegemewa na wengi siku ile, alifika wa mwisho, akarejeshwa zizini akaanguka akafa. Mwaka 2020 Anthony Van Dyck alivunjika mguu mbioni, ikabidi auawe. Katika Waaustralia wenyewe wako waliokwisha kuisusia siku hiyo, na wala si Waislamu.

Juu ya Novemba ijayo, twaona kijana asiifanye kubwa. Saa tisa za mchana huko huwa baina ya adhuhuri na alasiri, hatta udhuru wa sala hana. Akae na wenziwe, aangalie farasi akipenda, ale kilicho halali katika walichoandaa, ilimradi ulevi haumo mezani pake. Kofia ikimfikia aseme tu kwamba dini yake haimruhusu. Watu wa nchi ile wamezoea kusikia kwamba huyu hali nyama na yule hanywi maziwa. Hili nalo watalizoea. Wakikusanya kitu kwa ajili ya mayatima, atoe dola 5 zake na zaidi, bila ya kutoa kikaratasi. Mtume (s.a.w.) amemwamuru mwenye kumwambia mwenziwe njoo tucheze kamari atoe sadaka, kwa neno hilo tu, basi kijana huyu aliyeutia mkono wake na akatoe, na atubu kwa Mola wake.

Zimebaki dola 120. Mwenziwe mmoja wa huko amemwambia kwamba mali ya wasio Waislamu katika nchi yao, ikichukuliwa kwa ridhaa zao, haina neno. Iko kauli iliyonasibishwa kwa Imamu Abu Hanifa inayokaribia hayo, na ilisemwa juu ya nchi ya vita. Kijana huyu hayuko vitani. Aliingia Australia kwa ruhusa na ahadi, analipwa mshahara kwao, akiugua hutibiwa kwao; na madhehebu yetu hayakuikubali kauli ile hatta huko kwenye vita.

Katika 120 hizo, dola 5 ni zake, nazo arudishe mfukoni mwake. 115 ni za watu, na watu wenyewe si mafakiri wasiojulikana wa kutolewa sadaka kwa niaba yao; wako pale pale, meza kwa meza, awajua kwa majina. Mali iliyoshikwa bila ya haki hurejeshwa kwa mwenyewe maadamu apatikana, na wingi wa haya si udhuru. Awaendee mmoja mmoja na dola 5 mkononi, 23 kwa hesabu, aseme: hii ni yako, dini yangu hainiruhusu kukaa nayo. Baadhi watazipokea. Baadhi watacheka. Na huenda mmoja au wawili wakamrudishia mkono wake wakamwambia, la, kaa nazo, ni zako, nimekupa. Atakayesema hivyo, naye azipokee bila ya wasiwasi na amshukuru, kwani hizo sasa ni zawadi.